Kompyuta Yetu Inamfukuza Mama Mkwe

Shangazi wa gazetini, shikamoo. Ukiona nimeandika bila kupumua ujue nimejifungia stoo katikati ya marobota ya vitambaa, maana nyumba yangu siku hizi haina pembe isiyokuwa na mtu aliyenuna, na ninakuomba kwa hisani yako unijibu kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi kuna kikao cha familia na mimi nimeshajiandaa kulipua bomu.

Mimi ni mshona mapazia na ninafanyia kazi nyumbani, sebuleni, kwenye meza kubwa ya kukatia, na pembeni ya meza hiyo kuna kompyuta ambayo ni ya nyumba nzima, yaani mimi naitumia kuwaonyesha wateja mitindo, mume wangu ambaye ni fundi wa lifti anaangalia matokeo ya mpira akirudi kazini, na tangu mama yake aje kukaa kwetu naye anaikalia mchana kutwa, mara habari, mara hali ya hewa, mara mafunzo ya kufuma. Mama mkwe alikuja kwa ajili ya kliniki ya macho. Alisema anakaa kidogo tu, na kweli alikuja na begi dogo, lakini begi dogo likafuatwa na begi kubwa, begi kubwa likafuatwa na kiti chake cha kuegemea, na kiti chenyewe kikawekwa pale dirishani penye mwanga ambapo ndipo ilipokuwa cherehani yangu, kwa hiyo sasa mimi nashonea kwenye korido na kila anayekwenda chooni lazima aniruke.

Si mtu mbaya, nisimsingizie. Ni mkunga mstaafu, mjane, mchapakazi, na ule ukunga haujamtoka, hata ukimwomba akusaidie kusogeza kabati anasimama kando anakwambia "vuta pumzi, sukuma, usiogope, karibu tunamaliza." Ila Shangazi, mdomo! Siku moja alikuja mteja wangu mzuri kabisa, ameshachagua kitambaa cha rangi ya maziwa, mama mkwe akainua uso kwenye kufuma kwake akasema, "Rangi hiyo tulikuwa tunaiweka wodini, mwanangu, kwa wale ambao hali zao si nzuri," na mteja akakirudisha kitambaa mezani taratibu, akaaga, hakurudi tena.

Siku hiyo nilishikwa na hasira za ajabu. Mama mkwe alipokwenda kulala mchana nikaikalia kompyuta nikaandika "jinsi ya kumwambia mgeni aondoke bila ugomvi", haikunitosha, nikaandika "vyumba vya kupanga kwa wazee wanaojitegemea", nikafungua matangazo moja baada ya jingine nikatazama picha za vyumba, vingine vizuri kuliko changu, na kila ukurasa ulikuja na kile kisanduku kinachouliza kama unakubali vidakuzi, nami nabonyeza Nakubali, Nakubali, Nakubali, ili kinipishe nione vyumba. Nilipotosheka nikafunga, roho ikatulia, nikarudi koridoni kushona. Sikuwa na mpango wowote, wallahi, ilikuwa ni kushusha pumzi tu.

Kesho yake namsikia anaita, "Mwanangu, hebu njoo unisomee hapa, nadhani macho yananichezea." Nikaenda. Alikuwa kwenye ukurasa wake wa kufuma, na pembeni ya soksi za mtoto pameandikwa: Umri umesonga? Hamia chumba chako kitulivu, hakuna ngazi, hakuna kelele. Nikamwambia ni tangazo tu, mama, yanajitokea. Akafungua habari, likamfuata. Akafungua hali ya hewa, likamfuata huko huko, tena safari hii na picha ya bibi amekaa peke yake kitandani anacheka. "Huyu anacheka nini na yuko peke yake?" akaniuliza, mimi nikajifanya nasikia mteja mlangoni. Baadaye likaja jingine la kampuni ya kuhamisha vyombo vya wazee kwa uangalifu, na hilo hakuniita nilisome. Alivua miwani, akaikunja, akaenda chumbani kwake akafunga mlango.

Jioni mume wangu hajavua hata viatu, mama yake akamshukia. "Kama umenichoka niambie kwa mdomo wako, usiitume mashine."

"Mama, mimi?"

"Nani mwingine humu ndani anajua mitambo? Si wewe ambaye kazi yako ni kuwapandisha watu na kuwashusha kwa vifungo?"

Maskini mume wangu akaapa kwa kila alichoweza kuapia, akanigeukia mimi kama mtu anayetafuta shahidi, na mimi, Shangazi, nilikuwa natunga uzi kwenye sindano, basi nikautunga, nikautunga, mpaka wote wawili wakaondoka.

Na matangazo hayapungui, yanaongezeka, kwa sababu mama mkwe naye kila kisanduku kikija anabonyeza Nakubali. Nilipomwambia aache akanishangaa. "Mtu amebisha hodi kwa adabu, ameuliza kama anaweza kuingia, wewe unataka nimfungie mlango? Mimi sikulelewa hivyo." Ndivyo alivyo, hajawahi kumkatalia mtu hodi, na kompyuta ameipa heshima hiyo hiyo.

Sasa sikia lililoniua kabisa. Katika kuchunguliachungulia ili nione vyumba vimefikia wapi, nikaanza kukutana na matangazo mengine ambayo sikuyaita mimi. Suti za wanaume wenye matumbo. Dawa ya kuficha mvi, ya kiume. Pete za ndoa kwa wanaoanza upya. Hoteli tulivu kwa wawili, kifungua kinywa mnaletewa chumbani! Nikakaa chini. Mimi sikutafuta, mama mkwe ni mjane mwenye macho mabovu, amebaki nani? Mume wangu! Mume wangu ana tumbo. Mume wangu ana mvi mbili tatu juu ya sikio. Na mume wangu kila Ijumaa anachelewa, anasema lifti imekwama na watu ndani, hivi ni lifti gani inayojua leo ni Ijumaa?

Na katika mateso yote hayo hakuna hata wa kumwambia, maana mama mkwe mwenyewe kliniki zimezidi, siku hizi anakwenda hata siku ambazo kadi haisemi, anapiga pasi gauni, anajitia marashi, na jioni anarudishwa na mgonjwa mwenzake, mzee mmoja aliyekuwa dereva wa treni, mnene, mcheshi, sisi tunamwita Bwana Honi kwa jinsi anavyocheka, anamshika mkono mpaka getini ili asijikwae, na kwa kweli namshukuru sana mzee wa watu, bila yeye ningelazimika kuacha kazi nikamsindikize mimi.

Basi mama mkwe ameita kikao. Wifi yangu mkubwa anakuja, baba mdogo wa mume wangu anakuja, na ajenda ni moja, nani anamfukuza. Mimi nimeamua. Nitaiweka kompyuta mezani mbele ya wote, nitawaonyesha suti, nitawaonyesha pete na hoteli, nitasema anayemfukuza mama ni mwanawe mwenyewe ili kwenye kile chumba amwingize kidosho wake. Nina maswali mawili tu. Kwanza, nikifuta ile historia ya kompyuta, vyumba vitaondoka suti zibaki? Na pili, niseme kikao kinapoanza au nisubiri wamalize chai?

Ni mimi, Mshona Mapazia, niliye stoo.

SHANGAZI ANAJIBU:

Marahaba, Mshona Mapazia. Toka stoo, utapata mafua ya vumbi la vitambaa. Jibu hili nimekutumia kwenye simu mapema, hapa gazetini linatoka Jumamosi yenu ikiwa imeshapita, na mambo yenu mawili matatu nimeyageuza ili mtu asije akajitambua akiwa kwenye kiti chake dirishani.

Usiseme mwanzoni, na usisubiri chai. Usiseme kabisa! Mtoto wa watu, hivi unajua ulikuwa unakwenda kufanya nini?

Hebu tulia nikueleze hivyo vidakuzi, maana umevikubali mara nyingi kuliko ulivyomkubali mumeo na hujui hata ni nini. Kidakuzi ni kumbukumbu ndogo ambayo tovuti inaiacha ndani ya kivinjari chako, kile unachofungulia mtandao, ili ukirudi ikutambue. Vingine havina neno, ndivyo vinavyokumbuka kwamba ulishaingia kwenye akaunti yako au kwamba umechagua kitambaa fulani hujamaliza kununua. Lakini kuna vingine si vya tovuti uliyoifungua, ni vya kampuni za matangazo, na kampuni hizo zimejibanza huku na kule, kwenye habari zimo, kwenye kufuma zimo, kwenye hali ya hewa zimo. Ukipita hapa wanaona, ukipita pale wanaona, wanaunganisha: huyu jana alitaka chumba cha mzee, mpelekeni vyumba. Ndiyo maana yule bibi wa kitandani alihama ukurasa mmoja hadi mwingine.

Ila nisikilize vizuri hapa. Hawakuwa wanamfuata mama mkwe wako. Hawamjui. Wanakijua kivinjari. Aliyekaa mbele yake awe wewe, awe mumeo, awe mkunga, wao wanaona mtu mmoja tu ambaye anapenda mapazia, mpira na soksi za mtoto. Watu wazima watatu mnatumia kompyuta moja, mlango mmoja, hakuna nywila, kila mmoja na lake moyoni, kisha mnashangaa siri zinapishana sebuleni. Mimi mwenyewe nilitafuta dawa ya kukoroma kwa kompyuta ya hapa ofisini, mume wangu ndiye anayekoroma, si mimi, na mpaka leo mhariri akinipita ananiuliza kama nimelala salama.

Sasa twende kwenye suti. Watumiaji ni watatu. Umejitoa wewe, sawa. Umemtoa mama mkwe kwa sababu ni mjane na haoni vizuri, na akabaki mumeo, ukamhukumu kwa tumbo na mvi mbili. Mwanangu! Macho gani yanayotibiwa kwa marashi? Kliniki gani inayotaka gauni lililopigwa pasi siku ambayo kadi haisemi? Umeniandikia kwa mkono wako mwenyewe kwamba kuna mzee mnene, mcheshi, anayemshika mkono mpaka getini, ukamshukuru, ukaendelea na safari! Nilipofika kwenye Bwana Honi nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Siapi, sikai kwenu. Huenda suti ni za mumeo kweli, lakini ushahidi ulio nao hautoshi hata kumnyima mtu kiti. Lifti hukwama, ndiyo maana kuna mafundi wa lifti, na Ijumaa kila mtu anakimbilia kutoka kazini kwa wakati mmoja. Ungesimama mbele ya wifi na baba mdogo ukatangaza uzinzi wa mumeo, halafu pale kwenye kiti dirishani ungemwona mama yake anabadilika rangi, maana ni pete zake unazowaonyesha watu. Ungemvua nguo mama mkwe hadharani, na mumeo ungempoteza hapo hapo, na kwa haki kabisa.

Na upande wake je, umewahi kuufikiria? Mwanamke wa umri ule amepata jambo lake tamu, analificha, kila siku anajiuliza atamwambiaje mwanawe, halafu mashine inaanza kumwambia hama, hama, hama, kila anapogeuka. Unadhani ameelewa nini? Ameelewa kwamba mwanawe ameshajua na anamtoa kwa aibu. Kikao hicho hakukiita kwa ubabe. Ameogopa, maskini. Na hofu hiyo umemtia wewe, ukaketi unatunga uzi. Mtunga uzi, hapo umenikasirisha, na nakwambia ningekuwa karibu ningekufinya.

Kuhusu lile swali lako la ujanja, hapana, haifanyi kazi hivyo. Kufuta historia peke yake kunaondoa kumbukumbu ya kurasa ulizotembelea, vidakuzi vinabaki palepale vinapunga upepo. Na hata kama ingewezekana kufagia uchafu wako ukabakiza wa mwenzako, nisingekufundisha.

Fanya hivi, na uanze leo. Mumeo akirudi mkalishe, mwambie, "Vile vyumba nilivitafuta mimi, nilikuwa na hasira, nikakuacha ulaumiwe." Atanuna, mwache anune, ana haki. Kisha nenda kwa mama mkwe kabla Jumamosi haijafika, wewe mwenyewe, usimtume mtu. Mwambie ni wewe, si mwanawe, mwanawe hajui lolote, na uliropoka kwa vidole baada ya yule mteja wa rangi ya maziwa. Mwombe radhi. Na ukishamwomba radhi, kwa heshima hiyo hiyo, mwambie kwamba pale dirishani ndipo penye mwanga wako wa kazi na kiti chake kimekukalia riziki. Usiogope. Huyo ni mkunga, ametukanwa na wanawake wenye uchungu maisha yake yote, neno lako hilo dogo halitamuua.

Halafu ikalie hiyo kompyuta. Kwanza hakikisheni kila mtu anakumbuka nywila zake, maana mkifuta vidakuzi mtatolewa kwenye akaunti zenu zote. Ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, tafuta sehemu ya faragha, futa vidakuzi vyote, na hapo hapo zuia vile vya kampuni za nje. Unapofuta usichungulie kilichomo, nakujua. Kisha kwenye kompyuta yenyewe fungua akaunti tatu za watumiaji, kila mtu na ya kwake na nywila yake, na nywila ya mama aiweke mama. Wateja wako waonyeshe mitindo kwenye akaunti yako, na huko usitafute kingine ila mapazia.

Kisanduku kikija, kataa. Mara nyingine kitufe cha Kubali wamekipaka rangi ya kung'aa na cha Kataa wamekifukia kwa maandishi ya kijivu, ndani ya sehemu ya kuchagua mapendeleo, wakitumaini umechoka. Usichoke, fukua. Na hasira zikikupanda tena, kwa sababu zitakupanda, tumia dirisha la faragha, ukilifunga vidakuzi vyake vinafutika. Ila usijidanganye kwamba umekuwa hewa, tovuti unayoifungua na wanaokuuzia intaneti bado wanaweza kujua ulipita. Mama naye umweleze kwa upole kwamba huyu anayebisha hodi hakuja peke yake, nyuma yake kuna kundi ambalo hakuliona, na kumwambia hapana si kukosa malezi. Ni mkunga, amewahi kuwafukuza wodini ndugu waliojazana. Ataelewa haraka kuliko wewe.

Wifi na baba mdogo wakija Jumamosi wanywe chai, waambiwe mliwakumbuka tu. Hakuna anayepaswa kujua zaidi.

Na hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote, kwa hiyo soma mara mbili. Habari ya yule mzee wewe huijui. Hukuona pete, hukuona hoteli, na Shangazi hakukwambia kitu. Si yako kuisema, si kwa mumeo, si kwa utani, wala usimsukume mama aiseme kwa kumkonyeza getini. Atachagua siku yake. Na siku hiyo akikuita pembeni, akaanza kuzungukazunguka maneno, mara macho, mara kliniki, mara kuna mtu, wewe shangaa. Shangaa vizuri, mwanangu. Shika mdomo, vuta kiti, mwambie, "Mtu gani tena, mama?" halafu nyamaza umwache akusimulie kuanzia mwanzo.

Wako asiyekawia kukufinya,
Shangazi